Mawese kwenye Gia

Baiskeli yangu ya kwanza niliiunda mwenyewe Ujiji, miaka ile ya Ujamaa, nilipopangiwa kufundisha katika kijiji kimoja cha milimani huko Kalinzi. Baiskeli mpya hazikuwepo madukani, nikawa nazunguka kwa mafundi kutafuta vipuri vya zamani. Fremu nilichukua nzito, kwa sababu ile nyepesi ilikuwa imechomelewa shingoni. Tairi zenye vipara nilizikataa katakata; barabara ile ni vumbi na changarawe. Gia ya nyuma nilitaka kubwa kuliko zote, nisije nikapanda mlima wote nikiikokota. Kilichokosekana ni grisi. Nikajaza mawese ndani ya gia, kama walivyofanya majirani zangu, na baiskeli ikateleza mjini bila kelele.

Nilipanda nayo Kalinzi, nikalala. Asubuhi kulikuwa na baridi kali. Nilikanyaga pedali zikazunguka bure, gurudumu la nyuma limetulia tuli. Mnyororo ulikuwa mzima. Nikachutama pale kwa hasira, nikijiuliza nani ameichezea, mpaka nilipoona mawese ukingoni mwa gia yameganda kama samli, yamevinasa vimeno vya ndani vinavyoshika gurudumu. Kule Ujiji, kando ya ziwa, kwenye joto, nilikuwa nimeyazoea yakiwa maji.

Bibi mwenye nyumba niliyofikia akainama, akachota kidogo kwa kidole, akanusa.

"Mawese mazuri haya, mwanangu," akasema. "Siku nyingine yalete kwenye chupa."