Mtu Mmoja Aliyekuwepo Eneo la Tukio

Siku Donatus Maganga alipotoka shimoni Mwakitolyo akiwa na mtu wa tatu mgongoni, hakuna aliyemuuliza kama ameumia. Aliulizwa kama njiani amemwona mgeni rasmi, maana turubai lilikuwa limeshafungwa na viti vya mbele bado vitupu.

Donatus ni fundi pampu, mkazi wa Runzewe. Mwakitolyo alikuwa ameitwa kutengeneza pampu ya kuvuta maji kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na duara likaporomoka kabla hajafungua begi la spana. Chini walikuwa watu watatu. Wenyeji walitawanyika kwenda kutafuta viongozi. Donatus, kwa kuwa hakuwa anamjua kiongozi yeyote wa huko, akajifunga kamba kiunoni akashuka.

Alishuka mara tatu. Alipomlaza yule wa mwisho chini, akatokea dada mmoja mwenye kinasa sauti, akamsogezea mdomoni.

"Jina lako, kaka?"

"Donatus Maganga, fundi pampu, Runzewe."

Akazungumza kama dakika mbili, tope likimwingia mdomoni kila akifungua kinywa. Dada akamshukuru. Donatus akaenda pembeni, akampigia simu mama yake, Mama Mbuke, kijijini huko huko Shinyanga Vijijini.

"Mama, kesho saa saba mchana fungua redio. Watanitaja."

Mama Mbuke hakuwa mtu wa kufungua redio peke yake. Alinunua betri mpya. Akapika wali, na nyumbani kwake wali huonekana Krismasi na msibani tu. Akaalika majirani, akiwemo Justa mwenye duka, ambaye asipoalikwa huja. Saa saba ikafika, na sauti ya yule dada ikatoka vizuri kabisa:

"Mgeni rasmi amewataka wachimbaji wadogo kuzingatia usalama mahali pa kazi. Akizungumza katika eneo la tukio, mgeni rasmi ameipongeza kamati ya maandalizi kwa kufika kwa wakati, amewapongeza wananchi kwa utulivu wao, na ameipongeza kamati ya chakula. Watu watatu wametolewa wakiwa hai kwa ushirikiano wa kamati hizo na mtu mmoja aliyekuwepo eneo la tukio. Michezo."

Wakasikiliza michezo. Wakasikiliza na hali ya hewa, labda ametajwa huko. Justa akanawa mikono, akafuta mdomo.

"Mama Donatus," akasema, "labda wamemtaja kwa sauti ndogo."

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Tangu siku ile Justa humwita Mama Mbuke "mama wa redio," kwa heshima zote, mbele ya wateja. Na kila Donatus akipiga simu kijijini, baada ya shikamoo na marahaba, baada ya ng'ombe na mvua, Mama Mbuke huuliza kwa upole kama mtu anayeulizia mbolea ya ruzuku: "Walisema watakutaja lini vile?"

Mchezo ulimkuta Donatus hivi. Mzee Jashvant ana duka la vifaa vya ujenzi pale Runzewe, na binti yake Khushbu alirudi kutoka chuo akiwa na shahada, kitabu kinene, na kete yenye pande ishirini. Mama yake, Induben, aliipenda shahada. Kile kitabu kilikuwa cha mchezo wa kuigiza mashujaa: watu wazima wanakaa mezani, kila mmoja anajitungia shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida, msimulizi anawaletea balaa, nao wanasema watafanya nini. Kete inaamua kama wamefaulu. Donatus alikuja Jumapili moja kutengeneza pampu ya kisima cha nyuma ya duka, akakuta chai ya tangawizi na watu wanaobishana kuhusu moto ambao haupo.

Angeondoka, lakini Khushbu alikuwa akimweleza mtu kazi yake.

"Wewe utakuwa vyombo vya habari," alisema. "Kila tukio likiisha unasoma taarifa. Shujaa akitajwa jina, anapata alama za sifa. Akifikisha kumi, anaongezewa nguvu."

Aliyekuwa akielezwa ni Loveness, mwandishi wa redio aliyehamishiwa Runzewe mwaka huo. Donatus aliitambua sauti kabla ya uso. Loveness hakumtambua yeye, kwa kuwa siku waliyoonana Donatus alikuwa tope kuanzia nywele hadi kucha. Fundi akarudisha spana kwenye begi, akavuta kiti.

Tatizo la kwanza lilikuwa kuruka. Kitabu kilipendekeza mashujaa waruke. Scolastika, anayeuza maandazi na supu stendi, alikataa katakata.

"Mimi nina watoto wanasoma hapa," alisema. "Mtu anayeruka bila ndege hapa Runzewe ana jina lake tayari, na si shujaa."

Kitabu kikapendekeza wafunike nyuso. Donatus akauliza kama mwandishi wa kitabu hicho amewahi kusimama na uso uliofunikwa karibu na duka la dhahabu. Atapigwa kabla ya kusalimiwa. Basi ikakubaliwa mashujaa waende kwa pikipiki, nyuso wazi. Scolastika akawa Bi Mvua, mwenye uwezo wa kunyeshesha mvua, kwa sharti isitangazwe, maana mvua ikikosekana wangekuja kumuuliza. Donatus akawa Winchi, mwenye uwezo wa kunyanyua chochote kutoka shimo lolote.

Tatizo la pili lilikuwa Loveness. Kitabu kilikuwa na sura nzima kuhusu vyombo vya habari. Kilisema waandishi humwandama shujaa usiku na mchana, humpiga picha kwa siri, hutaka kujua jina lake halisi kwa udi na uvumba, na kwamba kuna mhariri mmoja humchukia bila sababu. Loveness aliisoma sura ile mara mbili.

"Nauli yao analipa nani?" aliuliza.

Khushbu akapekua. Kitabu hakikusema.

Basi Loveness akafanya kazi kama anavyoijua. Wiki ya kwanza lori la pamba lilipinduka juu ya watu, Winchi akalinyanyua kwa mkono mmoja, kete ikaonyesha kumi na tisa, Scolastika akapiga vigelegele. Loveness akakohoa kidogo, akasoma: mgeni rasmi amewaasa madereva wa pamba kuacha mwendokasi.

"Loveness, dada yangu," alisema Donatus. "Lori nimenyanyua mimi."

"Nimekusikia, Fundi."

"Mbona hujanitaja?"

"Una cheo gani?"

"Cheo? Nimenyanyua lori kwa mkono mmoja!"

"Hiyo ni sifa. Mimi nimeuliza cheo."

"Lakini mgeni rasmi katoka wapi?" aliingilia Khushbu. "Mimi ndiye msimulizi, sijamweka mgeni rasmi yeyote."

"Huwa hawekwi," alisema Loveness. "Anakuja."

Ikaenda hivyo miezi minne. Winchi alitoa ng'ombe arobaini kwenye mafuriko. Mgeni rasmi akahimiza chanjo. Winchi alizuia daraja lisianguke kwa mgongo wake. Mgeni rasmi akakagua daraja, akaridhika na uimara wake. Bi Mvua alizima moto wa ghala zima, akaingia kwenye taarifa kama hali ya hewa. Alama za sifa za Winchi zilikuwa sifuri, na Khushbu alikuwa ameziandika kwa wino.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano, Donatus alifika akiwa ametulia mno. Khushbu akaanza: Nkome, ziwa limechafuka, mtumbwi unazama mita mia kutoka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, watu kumi na mmoja ndani, wanapiga kelele.

"Winchi anavaa suti," alisema Donatus.

"Anavaa nini?"

"Suti. Anafika Nkome saa mbili baadaye. Anaketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Anauliza kama risala iko tayari."

Scolastika aliweka kikombe chini. "Mimi naingia majini."

"Bi Mvua asubiri," alisema Donatus. "Itifaki."

"Fundi, watu wanazama!"

"Risala kwanza. Kisha ngoma. Kisha mimi nasema machache."

Khushbu alimtazama, akamtazama Loveness, akachukua kete.

"Unarusha ya nini?" aliuliza Donatus.

"Ya kuona kama wanajua kuogelea."

Ikatoka tatu. Dukani, Induben alisikika akimwambia mteja kwamba misumari ya bati haipungui bei.

"Soma taarifa," Donatus alimwambia Loveness, akaweka simu yake mezani ikirekodi. "Na utumie jina langu halisi."

"Jina halisi ni siri," alisema Khushbu. "Adui watakujua."

"Waje. Andika, Loveness: Donatus Maganga, fundi pampu, Runzewe."

Loveness aliandika, kalamu ikasimama.

"Sema tena."

"Donatus Maganga, fundi pampu, Runzewe."

Loveness alimwangalia kama mtu anayemuosha mwenzake tope kwa macho.

"Mwakitolyo," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nilikuwa na sauti yako dakika mbili nzima. Mgeni rasmi alizungumza dakika kumi na moja. Taarifa yenyewe ilikuwa dakika tatu." Akafunga daftari, akalifungua tena. "Piga hesabu mwenyewe, kaka."

"Sina ugomvi. Soma."

Akasoma, na hajawahi kusoma vizuri kama siku ile. Mgeni rasmi Donatus Maganga, maarufu kama Winchi, fundi pampu kutoka Runzewe, amewataka wavuvi wa Nkome kuvaa maboya. Mgeni rasmi Donatus Maganga ametoa pole kwa familia za watu kumi na mmoja waliopoteza maisha wakati risala ikisomwa. Khushbu akahesabu alama, tano kwa kila kutajwa: kumi kamili. Winchi alistahili nguvu mpya.

"Hongera, mheshimiwa," alisema Scolastika, akachukua kapu lake akaondoka bila kumaliza chai.

Kijijini, simu janja ya karibu ni moja tu, nayo ni ya Justa. Donatus akamtumia ile rekodi. Alikaa kwenye benchi mbele ya duka, akingoja, akilisikia jina lake kichwani kama kengele ya kanisa. Baada ya nusu saa simu ikaita.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nimesikia. Justa amesikia. Mume wa Justa tumemwita shambani, naye amesikia."

"Umefurahi, mama?"

"Wamesoma vizuri. Jina lote, na kazi." Kuku wakasikika. "Donatus. Hao kumi na mmoja?"

"Mama, ule ni mchezo tu. Hakuna aliyekufa. Tunakaa dukani kwa Mzee Jashvant, tunarusha kete."

"Watu wazima?"

"Watu wazima."

"Na hapo kwenye mchezo, wao wanazama, wewe uko wapi?"

"Kwenye kiti. Nilikuwa mgeni rasmi."

"Mimi sikuzaa mgeni rasmi," alisema Mama Mbuke. "Kawatoeni." Akakata simu.

Jumapili iliyofuata Donatus alifika kabla duka halijafunguliwa mlango wa nyuma. Aliomba warudi Nkome, pale pale mtumbwi unapoanza kuzama. Khushbu akamwambia kanuni haziruhusu, tukio likipita limepita, kitabu kimesema waziwazi ukurasa wa tisini na nne.

"Mama amekataa," alisema Donatus.

Khushbu alifunga kitabu. Alikuwa na mama pia, na alikuwa akimsikia dukani.

"Alama kumi utazirudisha," alisema.

"Chukua."

Winchi akaingia majini na nguo zake za kazi. Bi Mvua, ambaye alikuwa amekuja na maandazi lakini bado hajamsalimia mtu, akalituliza ziwa bila kuombwa. Kete ikarushwa mara kumi na moja, na mara mbili ilitoka vibaya, na mara zote mbili Winchi akarudi tena. Wa mwisho alikuwa mzito. Donatus alisimama kabisa kutoka kwenye kiti chake kumtoa, mikono imekunjwa mbele, mgongo umeinama, na hakuna aliyemcheka.

Loveness akachukua kalamu. Donatus akabonyeza kurekodi.

"Mgeni rasmi amewataka wavuvi wa Nkome kuvaa maboya," alisoma. Ndivyo anavyojua, na mezani hakuna aliyemlaumu. "Ameipongeza kamati ya mwalo kwa mapokezi mazuri. Watu kumi na mmoja wametolewa majini wakiwa hai, wote kumi na mmoja, na mtu mmoja aliyekuwepo eneo la tukio." Akasita hapo, sekunde nzima, jambo ambalo redioni ni kosa. "Michezo."

Alama za sifa: sifuri. Khushbu akaziandika tena kwa wino. Scolastika akamsogezea Donatus andazi.

Donatus akamtumia Justa rekodi. Safari hii simu iliita upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo mtu mmoja, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na yule wa Mwakitolyo? Wa siku ile ya wali. Nao walisema mtu mmoja aliyekuwepo."

"Ni mimi huyo huyo, mama."

Mama Mbuke aliishusha simu sikioni. Kisha akasikika akigeukia pembeni, sauti yake ikiwa mbali na simu.

"Justa! Njoo na simu yako hapa. Rudia pale mwisho."

"Mwisho wapi, mama wa redio? Hawajamtaja."

"Pale waliposema mtu mmoja," alisema Mama Mbuke. "Ongeza sauti."