Kilichokuwa Chini ya Bereti

Vénérand alipenda kusema kwamba alikuwa amekwisha kushika vichwa vya watu wa kila namna, isipokuwa cha mwenye nyumba wake, kwa sababu yule alikuwa na upara. Alikuwa kinyozi kutoka Bukavu. Alifika Durban mwaka 1996 pamoja na mkewe Odette na binti yao Tina. Nilipomfahamu, mimi nikiwa mwanafunzi Mtanzania katika chuo kikuu pale Westville, waliishi South Beach, katika fleti waliyogawana na familia mbili nyingine kwa mapazia. Bafu lilikuwa moja. Odette alitaka nyumba yenye mlango wake mwenyewe, na kila mwenye nyumba aliyemwendea alimwuliza swali lilelile: mume wako ana kazi ya kudumu? Hakuwa nayo. Alikuwa na kiti cha kukodi katika saluni ya mtu.

Ndiyo maana Shule ya Mtakatifu Morisi ilipotafuta kinyozi, Vénérand alipanda kilima ilipojengwa kwa suruali iliyopigwa pasi mara mbili.

Shule hiyo ya wavulana ilianzishwa na padre aliyewahi kuwa kasisi wa jeshi, na ambaye aliamini kwamba kijana husali vizuri zaidi akiwa amekwisha kupigishwa kwata. Asubuhi ilikuwa misa, kisha gwaride, kisha hesabu. Zamani ilikuwa ya Wazungu watupu. Baadaye wakaingia Wahindi na Wazulu, na baada ya uchaguzi wa 1994 bunduki za kweli zikachukuliwa, darasa la useremala likachonga nyingine za mbao. Padre Gorman, mkuu wa shule, aliendelea kuzikagua kila Jumatatu, akifumba jicho moja na kuchungulia mtutu usio na tundu. Sijui kwa nini jambo hilo halikunichekesha nilipoliona mara ya kwanza. Labda nilikuwa nimesoma sana wakati ule. Chakula kilikuwa maharage na kabichi, leo na kesho, na padre alikiita malezi.

Vénérand alipewa muhula mmoja wa majaribio. Amri ilikuwa fupi: mashine nambari mbili, kichwa kizima, bila ubishi. Mwezi wa tisa, sikukuu ya Mtakatifu Morisi, askofu mgeni angekuja kusoma misa katika uwanja wa gwaride. Ikipita bila aibu, padre alisema, kinyozi angepata kazi ya kudumu na chumba chini ya ngazi za ukumbi. Ikitokea aibu, asingepata chochote.

Wavulana walimwita Malume, yaani mjomba kwa Kizulu. Wiki ya sikukuu, kiongozi wa kikosi cha heshima, kijana wa Kihindi aliyeitwa Perumal, aliketi kitini na kuvuta pumzi ndefu kama mzee.

"Malume, hii nambari mbili imenichosha. Nichoree kitu."

"Petit, unataka nilale njaa? Mon père iko na macho," alisema Vénérand, akionyesha kwa kidole ofisi ya padre.

"Macho yake hayapiti kwenye bereti. Siku ya sikukuu tuko na bereti, kesho yake likizo. Nani ataona?"

Vénérand alizima mashine akafikiri. Utotoni, kule Bukavu, alikuwa mtumishi wa altare, na alikwisha kuwaona askari wa heshima wakisimama kanisani na kofia zao vichwani tangu mwanzo wa misa hadi mwisho, hata kikombe kilipoinuliwa. Askari wa heshima havui kofia: hilo lilikuwa wazi kwake kama vile jua huchomoza. Kwa hiyo hakuuliza.

"Unataka nini?"

"Herufi moja tu. Y."

"Y ya nini?"

"Yasmin."

"Yasmin? Wewe si Mkatoliki?"

"Mimi ndiyo, yeye siyo. Ndiyo maana nataka ikae chini ya bereti. Na miguu ya herufi ielekee paji la uso, Malume."

"Itakuwa imepinduka."

"Kwangu. Kwake itakuwa sawa. Nikimwinamia, anasoma."

Kinyozi aliguswa. Aliniambia baadaye kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa akimposa Odette, hakuwahi kubuni jambo zuri namna ile. Aliichora ile Y kwa wembe, kingo zake zimenyooka kama za maandishi ya kitabu. Siku mbili zilizofuata wakaja wenzake wa kikosi, mmoja mmoja, kila mmoja akitaka herufi yake nayo ielekee paji la uso. Mmoja alitaka I ya Irene, mwingine N ya Nokuthula, wa tatu M ya msichana aliyekataa kumtaja. Wawili walitaka A, na kila mmoja aliomba sana mwenzake asijue.

Nyumbani alisimulia kwa furaha. Odette alikuwa akikunja nguo upande wao wa pazia.

"Papa Tina, kwa hiyo nyumba yetu iko juu ya vichwa vya bale batoto?"

"Chini ya bereti, chérie."

"Na akili yako iko chini ya nini?"

Siku ya sikukuu tulialikwa sote, familia ya Vénérand na mimi. Jukwaa la kukagulia gwaride liligeuzwa altare, wageni tukasimama pembeni karibu na mahema ya chai, na kikosi cha heshima, vijana sita, kikapangwa mstari mmoja chini ya jukwaa, wakimtazama askofu. Huyu alikuwa Mzulu mnene mwenye sauti ya taratibu. Alipokaribia kipaza sauti kwa sala ya kwanza, Sajinimeja Dlomo, mkufunzi wa kwata, alijaza kifua.

"Kikosi! Vua... bereti!"

Shule ile ilifuata desturi za jeshi la Waingereza, ambamo wakati wa sala kofia huvuliwa. Kila mvulana pale alijua hivyo tangu wiki yake ya kwanza.

Vénérand alinishika mkono. "Tanzanien, wanavua."

"Naona."

"Kwa nini wanavua?"

"Mimi nasomea sayansi ya siasa," nilimwambia.

Vijana sita wakainamisha vichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Askofu alifungua mikono, akatazama chini. Midomo yake ilitembea kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha, polepole, kipaza sauti kikiwa wazi, alisoma: "Inyama."

Kwa Kizulu maana yake ni ileile ya kwetu: nyama.

"Amina!" shule nzima ikaitikia.

Hadi leo sina hakika kama lile lilikuwa zoea au njama. Nimelifikiria zaidi ya inavyostahili. Ninachojua ni kwamba Padre Gorman alibadilika rangi kuanzia kwenye kola kwenda juu, na misa ikaendelea hadi mwisho.

Baada ya baraka padre alivuka uwanja moja kwa moja. "Wanyoe wote sita. Sifuri. Kisha kusanya vitu vyako uondoke."

Kiti kikawekwa barazani, mbele ya wazazi. Odette alisimama karibu akiwa amemshika Tina, akihesabu kwa sauti vichwa vilivyobaki, jambo lililomtisha mumewe kuliko padre. Perumal alikaa wa kwanza.

"Malume, eish, pole. Hatukujua atakufukuza."

"Nyamaza, petit. Iko sikio hapa, naweza kulikosea."

"Nimemwambia padre hukujua kitu."

"Na amesema nini?"

"Amesema hilo ndilo baya zaidi."

Ndani ya ukumbi, wakati huo, askofu alikuwa ameomba sahani za wageni, zenye nyama, zipelekwe kwa wanafunzi, na za wanafunzi ziletwe kwa wageni. Aliyasimamia maharage yale hadi yakaisha, kisha akatoka barazani akijifuta midomo. Herufi ya sita ilikuwa ndiyo kwanza imeanguka sakafuni. Padre Gorman alisubiri kando, ameshika funguo za kile chumba cha chini ya ngazi. Askofu aliketi kitini bila kualikwa, akavua kofia yake ndogo ya zambarau, akaiweka gotini.

"Nambari mbili, ndugu yangu," alisema. "Ila mimi usiniandikie. Nimeshiba."

Mashine ikaanza kunguruma. Hakuna aliyecheka kabla ya padre, na padre hakucheka.

"Padre," askofu aliuliza, kidevu kikiwa kifuani, "huyu bwana huwa hapa siku gani? Nywele zangu hukua haraka."

Padre Gorman alizitazama funguo mkononi mwake. Odette naye alizitazama.

"Jumatano na Jumamosi, Baba Askofu," alisema hatimaye.

"Na Ijumaa," alisema Vénérand, bila kuondoa mashine shingoni mwa askofu.