Ndoo Mbili za Bi Kikue

Bi Kikue Onodera alikuwa mpishi wa shule ya kijiji chetu, huku kaskazini mwa Hokkaido, kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka wa mwisho walibaki wanafunzi watatu. Kila majira ya baridi watoto walilea mayai ya samoni ndani ya tangi kando ya jiko lake, kwa maji ya kisima cha shule. Yeye ndiye aliyewafundisha kwamba samoni huyajua kwa harufu maji aliyokulia, na baada ya miaka minne huyafuata kutoka baharini mpaka nyumbani.

Mwaka ule wa mwisho watoto waliwakata vifaranga wa samoni pezi dogo la mgongoni, lile la karibu na mkia, ili wakirudi watambulike. Wakawaachilia kwenye kijito cha karibu na shule na kuwaaga kama ilivyo desturi: "Nendeni, mrudi." Kisha shule ikafungwa, watoto nao wakahamia mjini na wazazi wao. Hao hakuna aliyewaambia warudi.

Mwaka huu ulikuwa wa nne. Tangu Septemba Bi Kikue, magoti yamemvimba, alichota ndoo mbili kisimani kila asubuhi akazimwaga kijitoni. Bila maji yale, samaki wangejuaje pa kuingia? Wenzangu wa kazini wakambandika jina.

"Mama Ndoo, leo unawapikia samaki supu gani?"

"Ya kwao. Wewe hujaalikwa."

Mimi nafanya kazi kwenye uzio, kule mto unaopokea kijito chetu unakoingia baharini. Samoni wote huzuiwa hapo na kupigwa rungu kichwani, majike wakapasuliwa na mayai kupelekwa kituo cha kutotolea. Hapiti hata mmoja, ndiyo kanuni. Bi Kikue aliijua vizuri. Alinifuata kazini akanishika mkono.

"Shigeo, mwanangu, sitaki wengi. Ukimwona aliyekatwa pezi, mpitishe. Mmoja tu atanitosha."

"Nitampitisha, mama," nikajibu, kwa wepesi wa mtu asiyeamini kwamba atakuja.

Oktoba samoni waliingia kwa mamia. Mkono uliozoea rungu hausubiri macho. Nilikuwa nimeshampasua jike mmoja, mayai yamejaa beseni, ndipo nikampapasa mgongo. Pezi halikuwapo, palikuwa na kovu laini tu. Nilijichukia. Nikawageuza wote waliolala pale, mmoja mmoja, na hapakuwa na mwingine aliyekatwa.

Jioni nilimkuta Bi Kikue kijitoni, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaniuliza kama nimeona chochote.

"Bado, mama."

Alisugua magoti, akayatazama yale maji matupu.

"Labda harufu haifiki. Kesho nitaongeza ya tatu."

Alimwaga ndoo tatu kila siku mpaka kisima kikaganda, na mimi nilimwangalia tu.