Mwalikaji wa Fainali

Kuna watu Kasongo waliohifadhi Kurani nzima. Mwanvua binti Alimasi amehifadhi milango. Mtajie mtaa wowote, naye atakutajia nyumba moja baada ya nyingine, nani anakaa humo, mama yake aliitwa nani, na mbwa wa nani ana tabia mbaya. Ndiyo kazi yake tangu alipokuwa bibi arusi mpya, na leo ana wajukuu. Yeye ni mwalikaji. Harusi ikikaribia, au mtu akifariki, wenye shughuli humwita, naye huzunguka nyumba kwa nyumba kupeleka neno. Kadi zipo, simu zipo, redio ipo. Lakini kwa watu wa Kasongo, aliyepata kadi amepata karatasi tu. Aliyealikwa ni yule aliyefikiwa mlangoni.

Kazi hii ina adabu zake. Mwanvua akija na habari ya msiba, husimama. Hupiga hodi, hutoa salamu, husema neno lake pale pale kizingitini na kwenda zake. Akija na habari ya furaha, huvua viatu, huketi, huomba maji na kunywa, ndipo hualika. Kwa hiyo watu wakimwona tu uani, hawamtazami usoni, wanamtazama magoti. Magoti yakikunjika, mioyo inatulia.

Na kuna jambo jingine dogo, ambalo yeye mwenyewe hakupenda kulisema. Hakuna mtu aliyewahi kumwalika Mwanvua. Angealikwaje, na yeye ndiye mwenye habari kabla ya wote? Harusi zote huenda, hula, hucheza, lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kuketi mlangoni pake na kumtaja kwa jina. Hakulalamika. Aliona ndiyo kazi ilivyo.

Sasa mama wa namna hii alikutana vipi na mpira wa kikapu? Kwa karanga. Vyuo vya kusini mwa jimbo la Maniema vilipoanza mashindano yao ya wasichana, Mwanvua alipeleka beseni la karanga kiwanjani akidhani atakuta umati. Hakukuta umati. Alikuta wachezaji, mwamuzi, wanafunzi wachache na mbuzi. Akaketi kungoja bahati yake, akainua macho, akaona msichana mmoja mwembamba akipita katikati ya wenzake wawili wakubwa, mpira ukimfuata mkononi bila kuachana naye, kisha akaruka. Mwanvua alisimama bila kujijua na karanga zikamwagika. Tangu siku ile hajakosa mechi hata moja. Kuhusu sheria za mchezo anajua tatu: mpira haubebwi kama kuni, kikapu cha mbali kina thamani kuliko cha karibu, na mwamuzi hukosea kila mara. Mbili za kwanza zimo kitabuni.

Kilichomuuma ni ule utupu. Vyuo vinne kila mwaka: viwili vya Kasongo, kimoja cha Kibombo na kimoja cha Kabambare. Wasichana wa Kabambare husafiri siku mbili kwa pikipiki, hufika wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, halafu hucheza mbele ya mbuzi. Fainali ya mwaka uliopita walikuwepo watazamaji arobaini na mmoja. Alimhesabu na mwamuzi, kwa huruma.

Mwaka wa kisa hiki, Jumatatu ya wiki ya mashindano, alifika kununua karanga mwalimu Zéphirin, katibu wa komite ya mashindano, uso umemshuka.

"Mama Mwanvua, watu wa jimbo wameandika. Wanasema Kasongo hakuna watu wa kuangalia. Kama fainali ya siku ya posho iko tena vile, mwaka kesho mashindano yote inaenda Kindu."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Zilibaki siku tano.

"Na ninyi mulialika watu?" Mwanvua akauliza.

"Tulialika, mama. Tulibandika matangazo sokoni. Redio ilisema mara tatu."

"Hiyo ni kutangaza. Mimi nauliza: mulialika?"

Zéphirin hakuelewa. Alizaliwa Bukavu, tumsamehe.

Kwa Mwanvua, Kindu, mji mkuu wa jimbo, ni mbali kuliko Makka, maana Makka watu huenda kwa ndege. Kwa magoti yake ya kizee, akipanda pikipiki hadi Kindu, itarudishwa nusu yake. Mashindano yakihama, yeye hatayaona tena mpaka anakufa. Alilifikiria hilo akaona hasira. Kesho yake asubuhi akajifunga kitambaa chake cha kazi akatoka.

Kwenye mlango wa kwanza alikwama. Aketi au asimame? Adabu za kazi yake hazikujua kitu kinachoitwa mechi. Akisimama atakuwa anatangaza kifo. Akaketi. Akaomba maji, akanywa, akamtaja mwenye nyumba na mama yake, akasema, "Siku ya posho, saa tisa, kwenye kiwanja cha basket cha chuo. Watoto wetu wanawangojea." Kila neno lilikuwa la kweli. Wenye nyumba waling'aa nyuso, wakamshukuru, wakampa ndizi za njiani. Akafurahi kwamba Kasongo inapenda basket kumbe, ni vile tu haikualikwa.

Aliendelea hivyo siku ya pili na ya tatu. Alhamisi akafika kwa Mathilde, mama wa kanisani mwenye sauti inayovuka mto, ambaye harusi yoyote ikimkosa huonekana kama kikao cha serikali. Mathilde alimsikiliza hadi mwisho, akampokea kikombe, akauliza:

"Mama, upande wetu tutavaa kitambaa gani?"

Hapo ndipo Mwanvua alipoona. Katika harusi kila upande una kitambaa chake. Akakumbuka nyuso zote zile zilizong'aa. Akakumbuka Papa Djafari, mfanyabiashara wa mchele, aliyeinua mikono na kuwaombea dua "hawa wanaoanza maisha." Mji mzima ulikuwa umemwona akiketi, na Mwanvua akiketi, mtu anaolewa. Akafungua kinywa asahihishe. Ukamjia ule utupu wa mwaka uliopita, na mbuzi wakitafuna tangazo la komite.

"Chochote kizuri," akajibu.

Tuseme ukweli, hapo alikosa. Naye alijua. Katika miaka yake yote ya kazi, neno lake halikuwahi kurudi na aibu. Wakisema Mwanvua amewadanganya, nani atamfungulia tena? Na siku atakaposimama mlangoni na habari ya msiba wa kweli, si watamuuliza kama ana hakika? Alikuwa ameliweka jina lake rehani kwa ajili ya mpira.

Jumamosi, saa nane tu, walianza kufika. Walifika kwa mitaa, kwa miguu, kwa baiskeli, watatu watatu kwenye pikipiki moja. Walivaa vitenge vilivyopigwa pasi, kanzu nyeupe, viatu vya kuazima. Walikuja na mikeka, vyungu vya wali, sombe ya majani ya muhogo iliyofunikwa sahani juu, na ngoma tatu za harusi. Papa Djafari alikuja na mbuzi kwenye kamba, na mbuzi wenyeji wa kiwanja wakaja kumsalimia mwenzao. Pande zote nne zikajaa. Watoto wakapanda juu ya ukuta. Wasichana waliokuwa wakipasha miili joto wakaacha, na Esther-Divine, nahodha wa Kabambare, mtoto wa wakulima wa kule Wamaza, akamwendea Zéphirin.

"Mwalimu, hapa kwiko harusi? Tutoke tuwaachie?"

Zéphirin akampungia mkono abaki. Pembeni yake alikaa mjumbe wa jimbo, aliyekuja na daftari lake ili ahesabu watu.

"Mwanvua," Papa Djafari akaita kutoka upande wa pili, "bwana arusi iko wapi?"

Mwanvua akaingia katikati ya kiwanja. Akasimama ili wamwone. Kosa lingine. Walipomwona amesimama, kelele zikakatika, na mama mmoja wa mbele akaanza kuvuta kitambaa kichwani kama msibani. Ngoma zikanyamaza. Mwanvua akaelewa haraka, akavua viatu, akaketi pale pale vumbini, kwenye duara la chokaa, na kitenge chake kipya.

"Ndugu zangu," akasema, "leo hapana mutu anaolewa. Nilisema watoto wetu wanawangojea, na watoto ndio hawa, wanacheza fainali yao. Lakini siku ya ine, kwa Mathilde, nilijua munafikiri harusi, nikanyamaza. Niliogopa mutabaki nyumbani, mashindano iende Kindu, na mimi sitaiona tena. Kosa iko yangu. Mwenye kutaka kurudi na chungu yake, arudi."

Hakuna aliyejongea. Papa Djafari alimtazama mbuzi wake, akawatazama wasichana, akakuna ndevu.

"Hawa wa blu wametoka wapi?"

"Kabambare, baba. Siku mbili kwa pikipiki."

"Na watu wao wako wapi?"

"Hawana watu, baba. Kila mwaka wanakuja wenyewe."

Mzee akageuka kuwatazama majirani zake, na sasa alikuwa amekasirika kweli, ila si kwa Mwanvua. "Sasa njo nini hii? Watoto wa watu wanafika kwetu, hata upande hawana?"

Kasongo jambo hilo haliwezekani. Bibi arusi akitoka mbali bila ndugu, nyumba kadhaa hutengwa ziwe ndugu zake siku hiyo, zimlilie, zimchezee, zimtetee mbele ya mawifi. Kila mtu pale alilijua hilo, kwa hiyo kila mtu alijua kinachofuata.

"Mwanvua," mzee akasema, "gawa nyumba."

Akainuka na vumbi lake, akagawa. Wanaoishi upande wa chini wa barabara ya msikiti wawe ndugu wa Kabambare. Wanaoishi upande wa juu wabaki Kasongo. Mathilde akaangukia Kabambare. Dada yake wa tumbo moja anakaa ng'ambo ya barabara, akaangukia Kasongo, wakaagana kwa machozi ya uongo na kutishiana. Papa Djafari akamfunga mbuzi kwenye benchi la blu. Watu wakahama na mikeka yao, na baada ya robo saa kiwanja kilikuwa na pande mbili, kama harusi yoyote yenye heshima.

Mpira ulipoanza, hakuna aliyehitaji kufundishwa ushabiki. Ngoma mbili huku, moja kule. Upande wa Kasongo ukaimba kwamba wali wa Kabambare haujaiva, na upande wa Kabambare, ambao wote walizaliwa Kasongo na wali ule waliupika wenyewe, ukajibu matusi ya kiharusi yasiyoandikika. Esther-Divine alipofunga mara ya kwanza, vigelegele vilimshtua akasahau kurudi kulinda. Kufikia kipindi cha tatu Papa Djafari, aliyekuwa hajawahi kuona mchezo huu, alikuwa akiwaeleza jirani zake sheria zote, na mwamuzi alipompa faulo mtoto wa blu, mtaa mzima wa chini ya barabara ulisimama kudai haki. Mwanvua aliketi katikati, kwenye mpaka, akipiga kelele kwa pande zote mbili. Sauti ilimwisha kabla ya mechi.

Zilipobaki sekunde chache Kasongo ilikuwa mbele kwa moja. Mpira ukamfikia Esther-Divine mbali, akarusha. Ukagonga chuma, ukazunguka juu ya kikapu, ukatoka nje. Filimbi ikalia.

Msichana akajifunika uso kwa jezi. Ndipo sauti ya Mathilde ikapasua kiwanja kwa kigelegele kirefu, maana katika harusi hakuna upande unaoshindwa, kuna upande unaotoa na upande unaopokea. Ngoma za blu zikalipuka. Wamama wakaingia kiwanjani, wakambeba Esther-Divine juu, wakamzungusha, wakamwimbia kwa jina la mama yake ambalo walikuwa wamemuuliza hapo hapo. Washindi wakabaki na kombe lao wakishangaa. Kisha wakakumbuka kwamba vyungu vingi viko upande wa Kabambare, wakakimbilia huko.

Mjumbe wa jimbo alikuwa amepoteza hesabu mara mbili, halafu akapewa sahani. Daftari alilikalia lisipeperuke. Kabla ya jua kushuka alisema, mfupa mkononi, kwamba mashindano hayahami.

"Mwanvua," Papa Djafari akamwambia wakati wa kukunja mikeka, "mwaka kesho utuambie kweli. Tutakuja tu."

Na mwaka uliofuata aliwaambia kweli, mlango kwa mlango, ameketi. Wakamuuliza tu nani atakuwa ndugu wa nani.

Jumatano ya wiki ya mashindano ya mwaka huo, asubuhi, alikuwa uani akichambua karanga aliposikia hodi. Akainua macho. Mlangoni alikuwepo msichana mrefu, ana vumbi hadi kwenye kope, pikipiki ikipoa nyuma yake. Esther-Divine. Alikuwa amesimama.

Mwanvua akaacha karanga. Akatazama magoti.

Esther-Divine akavua viatu, akaketi kwenye mkeka. Akaomba maji, akanywa taratibu, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Halafu akasema, kwa uangalifu wa mtu aliyejizoeza njia nzima:

"Mama Mwanvua binti Alimasi, mutoto wa Faridah. Siku ya posho, saa tisa, kwenye kiwanja cha basket. Watoto wako wa Kabambare wanakungojea."

Mwanvua aliijua siku, aliijua saa, na nusu ya mji alikuwa ameshaualika mwenyewe. Lakini alisikiliza hadi neno la mwisho, kama habari mpya kabisa. Alifurahi mpaka karanga asizione. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaketi sawasawa kama wanavyoketi wenye nyumba.

"Aksanti, mutoto wangu," akasema. "Nitavaa kitambaa gani?"

"Ya blu, mama."