Mwanangu Si Mdogo Wangu

Mwanangu alisimama mbele ya bango la nasaba ya ukoo, kidole puani, akisoma kwa sauti kama wasomavyo darasa la kwanza, silabi moja moja. Akafika kwenye jina lake. Akapandisha kidole cha mkono wa pili kufuata mstari, kisha akanigeukia mbele ya ukoo wote uliokusanyika.

"Mama, kumbe wewe ni dada yangu?"

Hapo uvumilivu wangu uliisha. Nilikuwa nimebeba sufuria la maharage. Nikalitua katikati ya uwanja, nikamwita baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya ukoo, kwa sauti ambayo mtu hamwiti nayo mkubwa wake. Shangazi aliyepanda kutoka Milepa, bondeni kwenye joto, kajifunga mablanketi mawili akiilaani baridi ya Sumbawanga, akasema, "Sauti hiyo ungeipeleka shambani ikafukuze ngedere!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mchoro wa bango lile niliuchora mimi.

Kuchora nasaba nilijifunza kidato cha tatu, shule ya masista. Maktabani kulikuwa na kitabu kikubwa cha msaada, kinanuka ukungu, kinachoeleza familia moja ya makabaila wa Uingereza ya kale, enzi za ngome na mapanga. Katikati kulikuwa na ukurasa unaokunjuliwa kama kitambaa cha meza: babu juu, wake zake pembeni, watoto, wajukuu, mpaka chini kabisa. Nilitakiwa nisome fizikia. Nikasoma ule. Niliwapenda watu wale kama majirani. Mmoja alioa mara tatu, na kila mke alikuja na mashamba yake. Binti mmoja alichumbiwa angali ananyonya. Ndugu wawili walishtakiana kwa ajili ya kinu cha kusagia ngano mpaka mmoja akafa, na mwanawe akaiendeleza kesi. Rafiki yangu wa kitanda cha juu aliuliza, "Una hakika hawa hawatoki Laela kwetu?"

Kulikuwa na kijana mmoja aliyeshuka kwa mstari wa nukta nukta. Sista wa historia akanieleza kuwa ni mtoto wa nje. Cheo hakurithi, lakini baba yake alimpa kijiji, na kwenye nasaba akaandikwa. Sista alilisema hilo bila kushusha sauti, nami nikampenda kwa hilo.

Mwaka ule ule nikapata mimba, nikarudishwa nyumbani. Mama alinitazama, akatazama tumbo, akasema, "Zaa, mtoto uniachie, wewe ukasome." Ndivyo ilivyo kwetu: msichana akizalia nyumbani, bibi ndiye analea. Nikamalizia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mwanangu akawa analala mgongoni kwa mama yangu huku mama akipalilia ulezi. Hilo sitalilipa hata nikiishi mara mbili.

Ukoo ulipopanga kukutana, kazi ya nasaba nikapewa mimi. Nilikaa jikoni na bibi, mama yake baba, yeye akichambua maharage na kuwataja wafu. Bibi humkumbuka mtu kwa chakula. "Huyo alikuwa hali kumbikumbi, ndiyo maana mkewe alimkimbia." Nikachora wote. Mwanangu nilimweka chini yangu, mstari ulionyooka, na upande wa mume nikaacha wazi, maana mume hakuna. Baba mdogo akaupeleka mchoro kuchapishwa mjini. Njiani akamhamishia mwanangu kwa mama yangu, akawa kitinda mimba wake.

Sasa baba mdogo alinivuta nyuma ya jiko, tukakaa kwenye magunia ya mahindi. Huyu ndiye aliyenipeleka shule kwa baiskeli, akikanyaga dhidi ya upepo huku akiimba ovyo ili nisilie.

"Mwanangu, nimekusitiri."

"Kwa nani, baba? Wote hapa walikuja kunipa hongera nilipojifungua."

"Wachumba watakuja. Watalisoma bango."

"Walisome."

"Mama yako mwenyewe alikubali."

Mama akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Mimi uliniuliza kama mtoto huyu ni wangu. Nikasema ni wangu. Kumbe ulikuwa unaandika?"

Nikamwambia baba mdogo kwamba hata makabaila wa Kiingereza walimwandika mtoto wa nje, tena kwa baba yake halisi.

"Hao walikuwa na ngome," akasema. "Sisi midomo ya watu tutaikinga na nini?"

Nilikaribia kucheka, nikajizuia. Akainuka, akajikung'uta suruali. "Kama una malalamiko, andika. Kamati haijibu kelele."

Nikaandika pale pale, nikamkabidhi mkononi:

*Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Ukoo.*

*Yah: Mwanangu kuandikwa kuwa mdogo wangu.*

*Shikamoo baba. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nalalamika kwamba mchoro wangu ulibadilishwa bila mimi kuulizwa. Najua ulifanya kwa upendo, na bado nina hasira. Mama yangu ni bibi wa mtoto huyu, na ubibi ameufanya vizuri kuliko yeyote. Asipewe cheo cha uongo wakati cha kweli kinamtosha. Mtoto amejua kusoma mwaka huu. Naomba bango lishushwe leo, kabla hajalisoma mara ya pili, na lichapishwe jingine kama nilivyochora.*

*Nakala: Mama.*

*Ni mimi, mama yake mzazi.*