Mwanamke Aliyemzika Wabwile

Watu wakiniuliza habari za Jelimo huwa nawaambia alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye pengo, akifuga ng'ombe watatu karibu na barabara ya Suam. Basi. Leo nitaongeza, maana roho inaniuma.

Bwana yangu Wabwile alikuwa akiendesha mkokoteni wa ng'ombe wa mzungu mmoja kule shamba la Kwanza, upande wa Kitale. Mwaka wa 1937 alishikwa na homa njiani, akafa, akazikwa hukohuko porini. Habari ilinifikia kwetu Lugulu baada ya wiki sita, pamoja na koti lake. Wazee wakasema boma haliwezi kukaa bila kaburi la mwenyewe. Wakakata mgomba, wakaufunga shuka, wakauzika mbele ya nyumba yangu. Nikanyoa nywele. Nikaulilia mgomba miaka tisa!

Halafu Wekoye, mchuuzi wa ng'ombe, akarudi kutoka Suam na maneno.

"Nakhungu, wenzake wa mkokoteni wamenionyesha kaburi la mzee wako. Limezungushiwa miiba, ni safi kabisa. Ati kuna mwanamke analipalilia kila wiki."

Mwanamke! Haki ya Mungu, hata uji ulinishinda kumeza. Kumbe alikuwa na mwingine! Mimi nimeachiwa mgomba, yeye ana mtu mwenyewe. Wivu ukanishika. Nikaenda kwa miguu mpaka Kitale, na kutoka Kitale mpaka kwake, siku nne nzima, nikitunga matusi.

Nilimkuta ameinama kaburini na jembe. Sikumsalimia.

"Wewe! Ulikaa na bwana yangu miaka mingapi?"

Akainuka polepole. "Siku mbili," akasema.

Akanieleza. Wenzake Wabwile walimshusha kwake kwa kuogopa ugonjwa, wakaenda zao bila kusema ni nani; waliporudi walichukua koti tu, wakaonyeshwa kaburi, wakapita. Jelimo akampa maziwa, akampangusa jasho. Alipokufa, watu wa boma lake walikataa kugusa maiti, mila yao haikuruhusu, kwa hivyo Jelimo akachimba peke yake. Mume wake akakataa chakula cha mikono yake mwaka mzima.

Unafikiri wivu ulipoa? Ulizidi! Mikono ile ndiyo iliyomfumba macho Wabwile. Yangu ilikuwa inapapasa mgomba.

"Alikuwa anaita Nakhungu, Nakhungu," Jelimo akasema. "Ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nililia mbele yake, sikujificha.

"Pole, dada. Na yeye, jina yake nani? Kila Jumapili mimi naombea yeye, lakini nasema tu Mgeni."

Jina lilikuwa mdomoni. Nikamtazama alivyosimama pale, udongo wa bwana yangu kwenye vidole vyake, nikaona amebakiwa na kitu kimoja tu cha kuninyang'anya. Nikafunga mdomo. Nikabeba kikapu changu, nikaondoka bila kumwambia hata asante.

Miaka minane nimejisifu moyoni kwamba jina ninalo peke yangu. Mwezi uliopita nikashindwa. Nikamwambia Wekoye, ukipita kule mwambie yule mama, anaitwa Wabwile, Wabwile mwana wa Mukhisa.

Wekoye akarudi na jina lilelile nililomtuma nalo. Jelimo alikuwa amekufa wakati wa kupanda mahindi.