Namba ya Dada

Pale zahanati tulimwita Simimi. Tovuti ikigoma, jibu lake lilikuwa tayari: "Si mimi, ni mtandao." Ndiye aliyetutengenezea ukurasa ambao mgonjwa huingia kwa simu yake akasoma majibu ya vipimo. Kazi anaijua, simnyimi haki yake. Ila kosa, kwake, halikuwahi kuwa na mwenyewe.

Jumatatu ile mzee mmoja alinijia mapokezi amefura. Alipima figo, ukurasa ukamwambia ana mimba ya wiki tisa. Nilicheka mpaka machozi. Kufika saa nne walikuwa saba, wote wajawazito.

"Si mimi, mama," Simimi alisema bila kuinua macho. "Wanaazimana simu, halafu wanasahau kutoka kwenye ukurasa."

"Wote saba? Hebu soma jina." Nikamwekea simu ya mzee mbele yake.

Akasoma. Lilikuwa jina la dada yake.

Akafungua kompyuta. Mfumo unatakiwa ukumbuke nani kaingia, kisha utafute majibu ya namba ya huyo huyo. Ijumaa kurasa zilikuwa nzito. Ili aone zinakwama wapi, kwenye mstari mmoja wa programu, mahali pa namba ya mgonjwa, aliandika namba aliyoijua kwa kichwa, ya dada yake. Akatazama kasi tu, majibu hakuyasoma, akasahau kuitoa, akaenda zake nyumbani. Tangu hapo kila aliyeingia alipewa majibu ya dada. Kuufuta ule mstari hakukuchukua hata dakika. Mimi na kicheko changu tuliona aibu, sembuse yeye.

Saa sita dada mwenyewe akaingia. Hakupiga kelele, heri angepiga.

"Mbili zimeshaniharibikia, mama, unajua. Hii sikumwambia mtu, nilisubiri ipite wiki ya kumi na mbili. Leo mume wangu kapongezwa na kinyozi, aliyeona jina langu kwenye simu yake." Akaweka mkoba juu ya meza. "Nani kafanya hivi?"

Simimi alikuwa nyuma yangu, na nilimwona akifungua mdomo. Nikaomba Mungu asiutaje mtandao.

"Ni mimi, dada."

Dada akamgeukia.

"Baada ya mume wangu," akasema, "wewe ndiye ningekuambia."

Akachukua mkoba wake, akatoka.